Bomba, septiki au shimo: uchague nini kwa nyumba yako Kampala?

Anayetafuta kiwanja Kampala huuliza bei, hati, na umbali wa barabara ya lami. Baadaye huuliza kama maji ya National Water yamefika. Suala la choo huachiwa fundi, na fundi huchimba kama alivyochimba kwa jirani. Mimi naomba mpangilio huo ugeuzwe. Jua kwanza majitaka ya nyumba yataenda wapi na maji ya mvua yatapita wapi, halafu ndipo upige hesabu ya bomba la maji safi. Maji safi ukiyakosa leo, utanunua jerikeni. Choo kikijaa Aprili mvua ikiwa imeshika, hakuna duka la kukimbilia, na kinachofurika kinaingia kwa aliye chini yako.

Neno "chini" hapa ni la kweli kabisa, maana mji huu ni vilima na mabonde. Mvua ya Kololo na Nakasero inateremka hadi mfereji wa Nakivubo, unaokatiza katikati ya mji, unapita Bugolobi, unaingia kwenye mafunjo na kumwaga kila ulichobeba katika Ghuba ya Murchison ya ndani, Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye ghuba hiyo hiyo, ndipo Ggaba ilipo, na Ggaba ndiko maji ya kunywa ya Kampala yamevutwa kwa miongo mingi na kusukumwa hadi kwenye matangi ya kilima cha Muyenga. Upande wa kaskazini na magharibi mambo ni tofauti. Maji ya Bwaise, Kawempe na Ndeeba huelekea Lubigi, yanaingia Mto Mayanja, kisha Kafu, na mwisho Nile. Kwa hiyo mtu wa Kisenyi na mtu wa Bwaise wote wana vyoo vya shimo, lakini tope la mmoja linaishia karibu na bomba la kuvutia maji ya mji, na la mwingine linaishia kwa wakulima na wafugaji wanaotumia mto.

Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu "jenga septiki" au "jenga shimo" kabla hajaniambia kiwanja kiko wapi kwenye mteremko.

Nani anashughulikia nini

Hili lielewe mapema, litakuokoa na safari za bure. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo watu huliita National Water, lililoundwa mwaka 1972, ndilo lenye maji ya bomba na mabomba ya majitaka. Mitaro ya mvua si kazi yake. Ndani ya Kampala mitaro ni ya KCCA, mamlaka ya jiji iliyoanza kazi 2011. Ukivuka mpaka ukaingia Nansana, Kira au Makindye-Ssabagabo, uko wilaya ya Wakiso, na mitaro ni ya manispaa husika. Ardhi oevu ina mkono wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wizara ya mazingira. Na tope lililo ndani ya shimo lako? Hilo ni lako mwenyewe. Utalitoa kwa fedha zako, kwa gari la kunyonya ambalo mara nyingi ni la mtu binafsi, na sheria inataka lipelekwe kwenye mtambo.

Naona mgawanyo huu ndio chanzo cha mateso mengi ya mabondeni. Bomba la majitaka linapovuja ndani ya mtaro, ofisi ya kwanza inasema mtaro si wake na ya pili inasema uchafu si wake. Mwananchi hawezi kurekebisha hilo peke yake, ila anaweza kuchagua mfumo usiomtegemezea afya yake kwenye mabishano hayo.

Bomba la majitaka la mji

Ni takriban mtu mmoja kati ya kumi tu Kampala ambaye choo chake kimeunganishwa na bomba la mji. Mabomba yako katikati ya mji na mitaa kama Nakasero, Kololo, Naguru na Bugolobi, pamoja na sehemu za Makerere na Mulago. Kwa upande wa Nakivubo majitaka huenda kwenye mtambo wa Bugolobi, ambao ulijengwa upya na sasa una uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, na gesi inayotokana na tope huzalisha umeme. Kwa upande wa kaskazini kuna Lubigi, uliofunguliwa 2014, wenye mabwawa ya kusafishia na vitanda vya kukaushia tope linaloletwa na magari.

Kama bomba linapita karibu nawe, unganisha. Hata kama tayari una septiki inayofanya kazi, unganisha. Huhitaji nafasi ya shimo kwenye kiwanja kidogo, huna gari la kunyonya la kusubiri, na uchafu wako unafika mahali unaposafishwa kweli badala ya kufichwa chini ya ardhi.

Gharama yake ni ya aina nyingine. Unalipa kila mwezi, kwa sababu ada ya majitaka hukokotolewa kutokana na bili ya maji. Kwa miaka mingi imekuwa robo tatu ya gharama ya maji kwa nyumba za kuishi, na kwa biashara imekuwa sawa na gharama nzima ya maji. Ukiwa na wapangaji kumi, hiyo si pesa ndogo. Lakini iweke kando ya gharama ya kunyonya shimo la wapangaji kumi mwaka mzima, pamoja na chumba kimoja zaidi ambacho ungekijenga mahali pa shimo, na hesabu hugeuka haraka.

Yapo mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipa. La kwanza ni kimo. Majitaka husafiri kwa mteremko, na kiwanja kilicho chini ya bomba hakiwezi kuunganishwa bila pampu. Usikubali jibu la macho. Nenda ofisi ya tawi la shirika ukaombe waje wapime. La pili ni maji. Choo cha kuvuta kinachokosa maji ni kibaya kuliko shimo, hivyo mtaa wenye mgao mkali unahitaji tangi la akiba kabla ya choo. La tatu ni kurudi kwa majitaka. Nyumba ya mwisho chini ya mteremko ndiyo inayopokea uchafu wa wote bomba kuu likiziba, kwa hiyo fundi aweke vali ya kuzuia kurudi, na sakafu ya bafu isiwe chini kuliko kifuniko cha chemba iliyo nje.

Na tafadhali, maji ya paa yasiingizwe kwenye bomba la majitaka. Watu wanafanya hivyo kwa sababu chemba iko karibu na mtaro uko mbali. Mvua moja kubwa ya Kampala ikishuka milimita 50, paa la mita za mraba 100 linamwaga lita 5,000. Zidisha kwa nyumba za mtaa. Bomba lililopangiwa vyoo na masinki haliwezi kubeba hayo, na vifuniko vya chemba huinuka barabarani.

Septiki: nzuri mlimani, ya kutiliwa shaka bondeni

Hapa ndipo wajenzi wengi wa tabaka la kati wanapoangukia, hasa Kira, Najjera, Nansana na barabara ya Entebbe, ambako maji ya bomba yamefika na bomba la majitaka halijafika. Mfumo wenyewe una sehemu mbili, na kosa kubwa ni kujenga moja na kuiita yote. Kwanza kuna tangi lenye vyumba, lisilovuja, ambamo kizito kinazama na mafuta yanaelea. Kisha kuna shimo la kufyonza, ambamo maji yaliyobaki huingia ardhini taratibu. Tangi halisafishi maji, linatenganisha tu. Usafishaji unafanywa na udongo, na kama udongo hauwezi, basi hakuna kinachosafishwa.

Mlimani udongo wa Kampala mara nyingi ni mwekundu wa marumu, na unafyonza vizuri. Maji ya chini ya ardhi yako mbali. Septiki iliyojengwa sawasawa hapo inaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kunyonywa. Ninaipenda kwa kiwanja cha kati, familia moja, mlimani au katikati ya mteremko.

Ukishuka bondeni mambo yanageuka. Udongo ni mfinyanzi au tope jeusi la mafunjo, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Shimo la kufyonza halifyonzi. Msimu wa mvua lenyewe linajaa maji kutoka ardhini, tangi linarudisha, na mwenye nyumba anaita gari kila mara akidhani wapangaji wanatumia maji mengi. Gari linanyonya maji ya kijito. Nimeona mafundi wakitatua tatizo hili kwa kutoboa tangi na kuelekeza bomba kwenye mtaro usiku. Hilo si suluhisho. Ni kumpelekea jirani uchafu wako bila kumwambia.

Jaribio la kupima ni rahisi na linafaa kufanywa msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Chimba shimo dogo mahali unapotaka kufyonzea, hadi kina cha shimo halisi kama unaweza. Ukikuta maji, sahau septiki ya kufyonza. Usipokuta, mimina maji, yaache yaloweshe udongo, mimina tena, na utazame yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa kutwa nzima bila kushuka, udongo umekujibu. Muuzaji wa kiwanja atakuambia ni gharama isiyo na maana. Ni kazi ya kibarua mmoja kwa siku.

Umbali na kisima nao haujadiliwi. Mita 30 ndiyo kanuni inayotumika sana kati ya shimo la kufyonza na chanzo cha maji, na kisima kiwe upande wa juu. Kwenye viwanja vya futi 50 kwa 100, ambavyo ndivyo vinavyouzwa kila kona ya Wakiso, mita 30 ni kiwanja kizima kwa urefu. Maana yake ni kwamba ukiwa na septiki, kisima chako kiko hatarini. Na hata ukikiacha kisima, septiki ya jirani wa juu haijaacha kuteremsha.

Jambo la mwisho kuhusu septiki: acha njia ya gari. Watu wanajenga tangi nyuma ya nyumba, kisha wanajenga ukuta, kisha chumba cha mlinzi, na mpira wa gari haufiki tena. Kifuniko kiwe mahali panapoonekana na panapofikika, wala kisizikwe chini ya vigae.

Choo cha shimo: aina tatu ambazo watu huziita moja

Wakazi wengi wa Kampala wanatumia shimo, na kuwaambia waache ni maneno matupu. Lakini shimo si moja.

Kuna shimo la udongo lisilojengewa. Vijijini lilikuwa na maana, kwa sababu likijaa unalifukia na kuhamia upande mwingine. Mjini hakuna upande mwingine, na shimo la aina hii halinyonyeki vizuri, maana gari likivuta kuta zinaporomoka. Siwezi kulipendekeza popote ndani ya Kampala, hata mlimani.

Kuna shimo lililojengewa kwa matofali lakini likaachwa wazi chini. Hili linaweza kunyonywa. Katikati ya mteremko, mbali na chemchemi, linakubalika. Tatizo lake ni kwamba watu hulijengea bondeni pia, wakaliinua juu kwa ngazi kwa sababu maji yako karibu. Ukipita Bwaise utaona vyoo vya ngazi vilivyosimama kama vibanda juu ya ardhi. Vilijengwa hivyo kwa akili, si kwa ujinga. Ila baadhi vina tundu upande wa chini, na mvua ikinyesha sana tundu linafunguliwa, mvua inabeba yote. Wakazi wa pale wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote, na ndio wanaougua kipindupindu na homa ya matumbo likitokea.

Kisha kuna tangi lililozibwa pande zote, chini na ubavuni, ambalo halifyonzi kitu, linahifadhi tu hadi linyonywe. Kwa nyumba ya bondeni isiyo na bomba la majitaka, hili ndilo chaguo langu, na sioni la pili. Linagharimu zaidi kujenga, na linanyonywa mara nyingi zaidi kwa sababu halipunguzi maji. Ndiyo maana liendane na choo kinachotumia maji kidogo, cha kumwagia kwa kopo, na maji ya kuoga na kufulia yawe na njia yake tofauti. Mwenye nyumba anayejenga tangi la namna hii halafu akaweka vyoo vya kuvuta vya lita tisa atakuwa anafanya biashara ya kusafirisha maji.

Kunyonya ndipo hesabu ya kweli ilipo. Gari kubwa linahitaji barabara. Kwenye vichochoro vya Katanga au Namuwongo halifiki, na hapo kuna vijana wa galpa, pampu ya mkono inayovuta tope zito hadi kwenye mapipa, kisha pikapu inayabeba. Galpa inaweza tope ambalo gari linashindwa, lakini inabeba kidogo kwa safari. Magari yanalipisha kwa safari na kwa ukubwa wa tangi lake. Bei hubadilika na mafuta na umbali hadi Bugolobi au Lubigi, kwa hiyo aliyeko Matugga analipia njia ndefu. Kabla ya kujenga, ita wanyonyaji wawili, waonyeshe njia, waulize bei ya hapo hapo. Jibu lao lina uzito kuliko ramani ya mchoraji. Uliza pia wanamwaga wapi. KCCA inasajili wanyonyaji na imekuwa ikiwaunganisha na wananchi kupitia kampeni yake ya Weyonje, na gari lenye bei ya ajabu kwa urahisi wake mara nyingi halilipi geti la mtambo wowote, linamwaga kwenye mfereji gizani.

Takataka chooni nazo zinaua mfumo wote. Nepi, chupa, nguo kuukuu, taulo za kike, vyote huishia shimoni kwa sababu gari la taka halipiti au linadai pesa. Mpira wa kunyonya unaziba, vijana wanalazimika kuvua taka kwa ndoano kwanza, na bei inapanda. Tangu jalala la Kiteezi liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, taka za mji huu zimekuwa suala zito zaidi, na sehemu yake inaonekana vyooni na kwenye makalvati. Mwenye nyumba aliyeweka pipa la taka lenye kifuniko karibu na choo ameokoa pesa ya kunyonya bila kujua.

Vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi vipo pia. Vinafaa shule yenye bustani au familia yenye shamba. Kwa nyumba ya wapangaji mjini vinahitaji uangalizi ambao hakuna mpangaji atakayeutoa.

Maji ya kunywa, kwa kulinganisha

Hapa uamuzi ni mwepesi zaidi. Maji ya bomba ndani ya ua yanashinda kwa bei na kwa usalama. Tuchukue familia ya watu sita, kila mmoja lita 40 kwa siku. Hiyo ni lita 240 kwa siku, au lita 7,200 kwa mwezi, ambazo ni jerikeni 360 za lita 20. Ukinunua kwa shilingi 200 kila moja, umetumia shilingi 72,000. Mwenye mita yake kwa kiasi hicho, yaani mita za ujazo 7.2, analipa pungufu sana. Anayenunua jerikeni ndiye maskini, na ndiye anayelipa zaidi kwa kila lita. Jambo hilo linaniumiza kila nikilifikiria.

Mabomba ya token, yaani ya umma ya kulipia kabla, ambayo shirika limeyaweka katika baadhi ya mitaa yenye watu wengi yanaziba pengo hilo kwa kiasi, kwa sababu unapata maji karibu na bei ya shirika, bila mchuuzi katikati. Ukipanga chumba bondeni, uliza kwanza kama kuna token karibu, inafanya kazi, na nani anashika funguo.

Chemchemi zilizojengewa ni za bure, na ndiyo mvuto wake. Lakini chemchemi ya mji inatoa maji yaliyopita chini ya vyoo vya mlima mzima. Vipimo vilivyofanywa miaka mingi vimekuta vijidudu vya kinyesi katika nyingi ya hizo, na mlipuko wa homa ya matumbo wa mwaka 2015 Kampala ulihusishwa na maji yaliyochafuliwa. Fulia, oshea, mwagilia. Ukinywa, chemsha, na usidanganywe na uangavu wake.

Kisima kirefu kinafaa nje ya mji kwenye kiwanja kikubwa. Ndani ya mji, rejea ile mita 30.

Maji ya mvua ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote, nami nayatetea kwa moyo wote. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili. Paa la bati la mita za mraba 50 linaweza kukupa lita 40,000 hivi kwa mwaka baada ya kutoa upotevu. Hayamalizi haja ya mwaka mzima, maana tangi hujaa na kufurika Aprili na kukauka Januari. Ila yanavuta choo, yanafua, na siku ya mgao yanakuokoa. Tena kila lita iliyo ndani ya tangi ni lita ambayo haikukimbia Bwaise. Maji ya dakika za kwanza za mvua yaachwe yamwagike, kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege, wakiwemo korongo wakubwa waitwao marabu.

Kuhusu Katosi, watu huuliza kama ile hofu ya Ggaba imekwisha. Mtambo wa Katosi, Mukono, umejengwa kwa uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, na unavuta maji mbali na ghuba iliyochafuka. Umesaidia hasa upande wa mashariki. Lakini Ggaba bado inafanya kazi, na ghuba ikizidi kuwa ya kijani kwa mwani, kusafisha maji yake kunazidi kuwa ghali, na gharama hiyo inaingia kwenye bili ya kila mtu. Mafunjo ya Nakivubo yalikuwa yakichuja sehemu ya uchafu huo bila malipo. Yamekatwa, pakapandwa magimbi na kujengwa nyumba.

Mvua itapita wapi

Mafuriko ya tarehe 26 Machi 2025 yaliingia hata mahali ambapo watu waliamini ni salama, kwa sababu walikuwa wameangalia mfereji mkubwa tu. Mifereji mikubwa kama Nakivubo na Lubigi imepanuliwa kwa miradi ya miaka iliyopita, na panapojengwa saruji maji hukimbia. Kinachofurika mara nyingi ni mtaro mdogo wa mtaa, kalvati lililoziba chupa, na ukuta wa jirani uliofunga njia ya maji.

Kwa hiyo unapolinganisha viwanja viwili, vitembelee mvua ikinyesha. Ukishindwa, tazama alama ya tope kwenye kuta za jirani, na angalia kama milango ina vizingiti vya matofali. Watu hawajengi kizingiti cha magoti kwa urembo. Muulize mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na zaidi yake muulize mama anayeuza duka la kona, maana ndiye anayeinua magunia ya unga maji yakija. Kiwanja cha bei nafuu mno karibu na mafunjo kina sababu mbili za kuogopa: maji, na NEMA, ambayo imebomoa nyumba Lubigi na kwingineko na haiangalii umelipa kiasi gani.

Nikiwa na pesa ya kiwanja kikubwa bondeni au kidogo katikati ya mteremko, nachukua kidogo. Juu kabisa presha ya maji ya bomba inaweza kuwa dhaifu, chini kabisa unapokea ya wote. Katikati septiki inafanya kazi, gari la kunyonya linafika, na mtaro unaweza kuuchimba mwenyewe hadi ule wa barabara.

Kwa anayepanga

Mpangaji hachagui mfumo, lakini anachagua nyumba. Kabla ya kulipa miezi mitatu ya chumba, fungua choo na uangalie kina kilichobaki. Hesabu milango na hesabu matundu ya choo. Uliza nani analipa kunyonya, na kama ni landilodi, mara ya mwisho ilikuwa lini. Jibu la "hakijawahi kujaa" kwenye nyumba ya miaka mingi bondeni lina maana moja tu: kinatoka mahali fulani. Zunguka nyuma ya choo ukatafute tundu. Na kama wapangaji wanachanga kwa ajili ya kunyonya, mchango uwe wa kila mwezi, ukae kwa mtu mmoja anayeaminika, kwa sababu kuchangisha siku choo kimeshafurika huchukua wiki nzima, na wiki hiyo watoto wanacheza palepale.